Jina lako liko kwenye daftari gani? Maswali ya akina mama wa vikundi

Mume wangu ndiye mwanachama wa AMCOS, chama chetu cha ushirika cha kuuza mazao, lakini korosho nahudumia mimi. Fedha za mauzo zinaingia kwake. Nifanyeje? (Masasi)

Jiunge na wewe. Uanachama wa ushirika ni wa mtu, si wa nyumba. Chukua fomu, lipa kiingilio na hisa, fungua akaunti yako ya benki, kisha jiandikishe kwenye daftari la wakulima kwa shamba unalolihudumia. Mzigo ukifika ghalani, simama kwenye mizani hadi stakabadhi iandikwe jina lako, maana malipo hulifuata jina hilo. Fanya haya kabla ya msimu. Mnada ukishapita, hakuna wa kukusikiliza. Na viongozi wa vikundi wanaohesabu wanawake kwenye palizi na kuwasahau kwenye malipo waache mara moja.

Mwanamke anaweza kupata hati ya kimila, ile ya kumiliki ardhi ya kijiji? (Kilosa)

Ndiyo, tangu Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999. Ulizeni jingine. Mkiwa mke na mume, dai majina yote mawili yaandikwe.

Mahindi yetu yameota ukungu ndani ya mifuko ya kuhifadhia, tena ya tabaka tatu. Tumeuziwa feki? (Mbozi)

Mmefungia mahindi mabichi. Mfuko huo huua wadudu kwa kuwakosesha hewa, haukaushi nafaka. Unyevu usizidi asilimia 13. Kama kikundi hakina kipimo, tieni mahindi kwenye chupa kavu ya kioo hadi robo, ongezeni chumvi kavu kidogo, tikiseni, muache dakika 15. Chumvi ikiganda kwenye kioo, rudisheni mahindi juani, juu ya turubai. Yakiwa makavu, shindilieni, toeni hewa, fungeni kila tabaka peke yake. Tundu moja la panya linaharibu kazi yote. Yaliyoota ukungu msiwape watoto wala kuku: sumukuvu, yaani sumu ya ukungu, haiishi kwa kupikwa.

Tumepata mkopo wa halmashauri, ile asilimia 4 ya mapato ya ndani inayotengwa kwa wanawake. Tumegawana sawasawa, sasa marejesho yanasuasua. (Kongwa)

Mkopo usio na riba bado ni deni, na ni la kikundi kizima. Itisheni kikao wiki hii, kila mmoja aandikiwe anachodaiwa na tarehe ya kulipa, asaini. Atakayelipa apewe risiti. Mwenyekiti asikusanye fedha mkononi. Ziende benki moja kwa moja.

Funguo za sanduku la hisa, lile la akiba za kikundi, akae nazo nani? (Kondoa)

Kufuli tatu, wanachama watatu, nyumba tatu. Anayetunza sanduku asiwe na ufunguo hata mmoja.