Jedwali la PDF kwenda Excel bila kuchapa upya

Ndugu, umeuliza jinsi ya kuingiza kwenye Excel jedwali la michango ya kikoba lililo kwenye PDF ya kurasa 14. Kwanza buruta kipanya juu ya namba yoyote. Ikichagulika, PDF yako ina maandishi halisi na kazi ni nyepesi: kwenye Excel ya Microsoft 365 ya Windows fungua Data, Get Data, From File, kisha From PDF. Usikimbilie Load. Ingia Transform Data, safuwima ya simu uifanye Text, ikikuuliza chagua Replace current, la sivyo sifuri za mwanzo zote zinapotea. Mimi ziliniponyoka, nikakesha nikizirudisha moja moja.

Huna Excel hiyo? Tabula ni programu ya bure ya kutoa majedwali kwenye PDF, na hufanya kazi ndani ya kompyuta yako. Hizo tovuti za kupakia faili siziamini kwa hesabu za watu.

Namba isipochagulika, hiyo ni skani, yaani picha ya karatasi, na Tabula haitaona kitu. Excel ya simu husoma jedwali kutoka kwenye picha, ila inaweza kuchanganya 3 na 8. Linganisha jumla ya kila safuwima na ya kwenye karatasi.