Jina la babu yako Roger

Mwanangu Neema,

Salamu nyingi, na pole na mzigo huo. Ujumbe wako nimeupata: mnataka kumrithisha mtoto jina la babu yako, Roger, ila mama mkwe wako anauliza limetoka wapi na lina maana gani. Ana haki ya kuuliza.

Babu alibatizwa nalo Bagamoyo na padre Mfaransa, basi. Lenyewe limetoka kwa makabila ya kale ya Kijerumani, na limeungwa na vipande viwili: sifa na mkuki. Wanormani, wale watu wa kaskazini waliopewa ardhi Ufaransa kama mwaka 911, walilipokea wakalifanya lao. Walipoivamia Uingereza mwaka 1066 wakavuka nalo.

Lakini mkweo msimulie habari za Roger, mfalme Mnormani wa Sisilia, kile kisiwa cha kusini mwa Italia. Baba yake, Roger vilevile, alipigana miaka 30 mpaka kisiwa kikatoka mikononi mwa Waislamu. Mtoto akavikwa taji Palermo siku ya Krismasi, 1130. Ungedhani angefuta kila kitu cha Kiarabu. Wapi! Joho lake lipo Vienna mpaka leo: hariri nyekundu, simba wawili wa nyuzi za dhahabu, kila mmoja amemwangusha ngamia, katikati mti kama mtende, na ukingoni maandishi ya Kiarabu yenye mwaka wa Hijria, 528. Na huyo ni mfalme Mkristo!

Tena alimweka kwake al-Idrisi, msomi Mwislamu, amchoree dunia nzima. Ramani zake ukizitazama leo utadhani umezishika kichwa chini, maana kusini iko juu. Kitabu chake kilikamilika 1154, mwaka uleule aliokufa mfalme, na Waarabu walikiita Kitabu cha Rujar. Humo mmetajwa Malindi na chuma chake, Mombasa, hata Sofala kule Msumbiji. Kwa hiyo wakisema ni jina la Wazungu tu lisilotuhusu, una la kuwajibu.

Mumeo, mtu wa mpira, yeye atamtaja Roger Milla wa Kamerun, aliyefunga bao Kombe la Dunia 1994 akiwa na miaka 42. Naye si haba.

Kwenye cheti cha kuzaliwa liandikeni kama lilivyo kwenye cheti cha ubatizo cha babu, Roger. Majirani watamwita Roja hata mkiwakataza.

Mama yako anakusalimu, anauliza kama unakula.

Baba yako