Mishale ya kibodi haifanyi kazi nikishabofya batani

Swali: Natengeneza mchezo mdogo kwa Java Swing. JPanel yangu (paneli ya mchezo) ina KeyListener (msikilizaji wa vitufe), na mwanzoni mishale inasogeza umbo vizuri. Nikibofya batani ya "Anza", mishale haifanyi kitu tena. Nikibonyeza kitufe cha nafasi (space) ili nirushe risasi, mchezo unaanza upya! Nimekosea wapi?

Jibu: Fokasi, yaani haki ya kupokea vitufe vya kibodi, imehama. KeyListener husikia vitufe pale tu kijenzi chake kinapokuwa na fokasi, na JButton (batani ya Swing) ikibofywa huichukua. Kwa JButton, kubonyeza nafasi ni sawa na kuibofya, ndiyo maana mchezo unaanza upya. Wengi huita requestFocusInWindow() kila baada ya mbofyo. Inasaidia, mpaka uongeze batani ya pili ukaisahau.

Achana na KeyListener, ufunge vitufe kwenye paneli hivi (InputMap huunganisha kitufe na jina, ActionMap huunganisha jina hilo na tendo):

```
InputMap im = paneli.getInputMap(
    JComponent.WHEN_IN_FOCUSED_WINDOW);
im.put(KeyStroke.getKeyStroke("LEFT"), "kushoto");
paneli.getActionMap().put("kushoto", tendo);
```

Hapo `tendo` ni AbstractAction yako, yaani msimbo unaotekelezwa kitufe kikibonyezwa. Sasa fokasi ikiwa popote ndani ya dirisha, mshale utasikika, ila kijenzi chenye fokasi bado huulizwa kwanza. Kwa hiyo batani itaendelea kumeza nafasi usipoiwekea setFocusable(false). Kipanya kitaibofya kama kawaida. Na LEFT iandikwe kwa herufi kubwa: ukiandika "left", getKeyStroke hurudisha null, InputMap huipuuza, wala huoni kosa lolote.

Umbo usilisogeze ndani ya `tendo`. Mtu akishikilia mshale, tukio la kwanza huja, hupita kitambo, ndipo marudio yaanze, na mwendo unakatika. Tumia boolean (kigeu cha true au false): "LEFT" iifanye true, "released LEFT" iifanye false, kisha javax.swing.Timer ya milisekunde 16 iisome na kusogeza umbo.

Kinachosumbua zaidi ni umbo kukimbia lenyewe. "released LEFT" hailingani na kitufe kilichoachiwa huku Shift imeshikwa, basi boolean inabaki true. Funga na "shift LEFT" pamoja na "shift released LEFT". Hali hiyohiyo hutokea mchezaji akihamia dirisha jingine kwa Alt+Tab kabla ya kuachia mshale; kwenye JFrame weka WindowFocusListener, na ndani ya windowLostFocus rudisha boolean zote kuwa false.