Kuku wamekufa, usikubali haraka haraka kuitwa Farao

Juzi usiku dada mmoja kanitumia voisi ya dakika nne, analia, vifaranga wake wote wamekwisha ndani ya wiki na kwenye maombi kaambiwa ni pigo kama yale ya Misri, atubu. Nimeisikiliza mara mbili nikakosa usingizi, maana kauli hiyo mimi nilishapigwa nayo.

Wangu walikuwa 140, chotara, ndo kwanza wanaanza kutaga. Siku tano tu. Shingo zinapinda, kinyesi cha kijani, asubuhi unafungua banda unapakia mizoga kwenye kiroba huku unawaza rejesho la kikoba. Jumuiya ya wiki ile mzee mmoja wa kanisa akasimama akasema Mungu hupiga mali ya asiyetoa fungu la kumi kama alivyopiga mifugo ya Misri, hakunitaja jina ila macho yote yakaja kwangu. Sikujibu. Nilirudi home nikafungua Kutoka nikasoma sura ya 5 mpaka ya 12, na niseme ukweli nilisoma kwa hasira, sio kwa uchaji.

Kwanza kabisa, pigo la tano limetaja farasi, punda, ngamia, ng'ombe na kondoo, kuku hata hawamo jamani 😅

Halafu angalia yameanzia wapi. Farao kaambiwa awaache watu waende, akauliza Bwana ni nani hata nimsikilize? Mapigo yote kumi ni jibu la swali hilo, ndo maana maandiko yanayaita pia ishara. Naili waliokuwa wanautukuza unageuka damu, jua walilokuwa wanaliabudu linazimwa siku tatu, na sura ya 12 Mungu mwenyewe anasema anaihukumu miungu ya Misri. Anayepigwa ni ufalme uliojengwa na watumwa, uliotupa watoto wa kiume mtoni. Sasa mimi na mkopo wa kikoba tunaingiaje hapo?

Na mengi yalitangazwa kabla. Chawa, majipu na giza hayakuwa na onyo, ni kweli, lakini Musa alikuwepo palepale, kila mtu anajua ugomvi unahusu nini. Kwa hiyo dada yangu, mtu akikuambia ni pigo muulize, mbona hukuniambia wakati kuku wazima? Anayekuja na unabii baada ya kiroba kujaa huyo ni mchambuzi wa mpira.

Tena majipu ya Misri na majipu ya Ayubu kwa Kiebrania ni neno lilelile, shekhin. Neno moja, na Ayubu hakuwa na kosa. Marafiki zake waliokuja kumfafanulia dhambi zake ndo waliokemewa mwishoni. Na Daudi alipohesabu watu ikaja tauni, wakafa 70,000, alisema mimi ndiye niliyekosa, hawa kondoo wamefanya nini? Kiongozi anaomba apigwe yeye. Sisi wa kwetu wananyoosha kidole. Viongozi, acheni hii tabia, mnawavunja watu ambao tayari wamevunjika, na Mungu anawaona!

Ila kuna mstari ulinikamata mwenyewe. Vyura wamejaa mpaka kitandani, mpaka kwenye majiko na vyombo vya kukandia unga, Musa anamuuliza Farao nikuombee lini waondoke, jamaa anajibu kesho. Kesho! Usiku mzima tena na vyura. Nilifunga Biblia nikacheka halafu nikalia, kwa sababu chanjo ya mdondo ni tone moja tu jichoni kila baada ya miezi mitatu, nilikuwa najua, na kila siku nilisema kesho, nimechoka, kesho nikipata hela. Kuku wangu waliuawa na mdondo na hiyo kesho yangu. Hilo nililitubu, la fungu la kumi hapana.

Kwa hiyo ushauri wangu ni chanja, usiseme kesho, osha banda upumzishe kabla ya kuingiza wengine, na chanja. Nimekwambia chanja?

Sasa hivi nina 200 na wanataga. Yule mzee alipita Jumamosi kutafuta mayai, akasifia banda, akaomba punguzo kama mpendwa mwenzake. Nikamkaribisha maji, nikamfungia trei yake vizuri, na sikumpunguzia hata mia.