Suti ya kuendeshea mashua ya tanga Uingereza wakati wa baridi

Chukua suti isiyopitisha maji, ile yenye mpira unaobana shingoni na mikononi. Ila yenyewe haina joto. Joto linatoka kwenye nguo za ndani, kwa hiyo vaa za sufu, yaani manyoya ya kondoo. Fulana ya pamba ikishalowa jasho inakugandisha. Na suti usiiache mapema msimu ukielekea mwisho, maana bahari ya huko huwa baridi zaidi Februari na Machi, si Krismasi. Jaketi la kuokolea juu yake ni lazima: hata mwogeleaji hodari akitumbukia kwenye maji ya chini ya nyuzi 15 hutweta ghafla bila kutaka. Waokoaji wa RNLI, shirika la uokoaji baharini la Uingereza, wanafundisha uelee kwanza, pumzi itulie, kama dakika moja au moja na nusu, ndipo uirudie mashua.