Kodi ya miezi sita, hesabu ya bosi na kadi za harusi: majibu ya maswali yenu ya pesa

Maswali mengi ya safari hii yametoka kwa wapangaji, kwa hiyo swali la kodi ya nyumba nimelipatia nafasi kubwa kuliko mengine.

Shikamoo. Mkononi napokea mshahara wa Sh 620,000. Chumba na sebule ninachokaa Tabata ni Sh 150,000 kwa mwezi, na mwenye nyumba anataka ya miezi sita kwa mkupuo. Kila Januari na Julai nakopa Sh 900,000 kwenye kikoba, riba asilimia 5 kwa mwezi, narejesha kwa miezi sita. Deni likiisha, kodi nyingine imefika. Nifanyeje? – Mpangaji, Tabata

Marahaba. Kwanza tuipige hesabu yako, maana naona hujawahi kuiandika. Riba ya kikoba chenu inakokotolewa kwenye mkopo wote, haipungui hata deni likipungua. Hiyo ni Sh 45,000 kila mwezi, Sh 270,000 kwa miezi sita. Ukijumlisha na mtaji unarejesha Sh 195,000 kwa mwezi. Yaani chumba cha Sh 150,000 wewe unakikalia kwa Sh 195,000, na kwa mwaka mzima unalipa riba ya Sh 540,000.

Habari njema imo humohumo: Sh 195,000 kwa mwezi unaiweza, kwa sababu tayari unaitoa. Shida yako ni kwamba unalipa nyuma ya tarehe, siyo mbele yake. Watu watakwambia uache soda na vocha. Siamini kama soda ndiyo inayokukopesha.

Umeandika pia kwamba Desemba mkivunja kikoba unapata kama Sh 500,000 na zinaishia kwenye sikukuu. Mwaka huu chukua Sh 400,000 ya hizo uipeleke kwenye kodi ya Januari. Utakopa Sh 500,000 tu. Rejesho litashuka hadi kama Sh 108,000 kwa mwezi. Lakini wewe endelea kutoa Sh 195,000 zilezile: Sh 108,000 kikoba, Sh 87,000 akiba ya kodi. Julai utakuwa na kama Sh 520,000, ukope Sh 380,000. Januari inayofuata utakuwa na karibu Sh 676,000, ukope Sh 224,000. Julai ya mwaka wa pili utafika na zaidi ya Sh 870,000 zako mwenyewe. Mwaka mmoja na nusu, bila kuongezewa mshahara. Na hapo sijagusa mgawo wa Desemba ya pili. Ukiuingiza, unamaliza mapema zaidi.

Akiba hiyo isikae kwenye simu. Pesa ya kwenye simu ina miguu. Fungua akaunti ya akiba isiyo na kadi, au iweke kwenye Mfuko wa Ukwasi wa UTT AMIS, taasisi ya serikali inayowekeza pesa za watu kwa pamoja, ambako ukitaka kutoa unasubiri siku chache za kazi. Kusubiri huko ndiko unakokuhitaji. Halafu mwombe mwenye nyumba mlipane kwa miezi mitatu mitatu. Wengine hukubali kwa mpangaji asiyewasumbua. Akikataa, mpango wako haujavunjika.

Ni lazima niandike kila shilingi ninayotumia? Nachoka siku ya tatu. – Mama wawili, Morogoro

Si lazima. Andika mwezi mmoja tu, ujionee. Baada ya hapo andika vile vinavyokuja mara chache lakini kwa kishindo: kodi, sare na madaftari ya Januari, nauli ya kwenda kijijini, mtungi wa gesi. Jumlisha vya mwaka, gawa kwa 12. Hiyo ndiyo namba ya kubandika ukutani. Ila chunguza kitu kimoja: mafuta ya kupima na unga wa nusu kilo kwa Mangi. Linganisha bei yake na ya dumu la lita tano au kiroba cha kilo 25, na mara nyingi utakuta wewe unayenunua kidogo ndiye unayelipa zaidi kwa kipimo.

Naendesha pikipiki ya mtu, hesabu Sh 8,000 kwa siku. Siku nyingine nabaki na Sh 15,000, nyingine Sh 3,000. Mke wangu anataka tupange bajeti ya mwezi. Mwezi gani, wakati mimi nala kwa siku? – Dereva, Mbagala

Kaka, shemeji anadai kitu cha haki, ila mwezi kwako ni mrefu mno. Panga kwa wiki.

Kwa wiki nne andika kila jioni ulichobaki nacho baada ya hesabu na mafuta. Kisha itazame wiki iliyokuwa mbaya kuliko zote. Tuseme ulibaki na Sh 45,000. Basi chakula na matumizi ya lazima ya nyumbani yapangwe ndani ya Sh 45,000, na mpe shemeji kwa mkupuo Jumamosi, siyo Sh 5,000 leo na Sh 2,000 kesho. Kinachozidi kwenye wiki nzuri si faida. Ni pesa ya masika, Machi hadi Mei, mvua inapokulaza kijiweni, na pesa ya tairi na cheni. Wapo madereva ambao bosi huwaachia Jumapili. Kama nawe uko hivyo, ifanye ndiyo siku ya kulisha hiyo akiba.

Na kama pikipiki ni ya mkataba, yaani ukimaliza kulipa inakuwa yako, hakikisha kila malipo yana maandishi na sahihi ya bosi. Maneno ya kijiweni hayatakusaidia mkigombana mwezi wa kumi na moja wa mkataba.

Nimekopa Sh 100,000 mtaani, narudisha Sh 5,000 kila siku kwa siku 30. Rafiki ananiambia ni asilimia 50 tu. Ni kweli? – Mama lishe, Mwanza

Hapana, dada. Ingekuwa asilimia 50 kama ungekaa na Sh 100,000 nzima mwezi mzima ndipo ulipe. Wewe unaanza kuirudisha kesho yake, kwa hiyo kwa wastani unatumia kama Sh 50,000 ya watu kwa mwezi huo, na unailipia Sh 50,000. Ni karibu asilimia 100 kwa mwezi. Ndiyo maana ikaitwa kausha damu. Benki Kuu imewawekea wakopeshaji wadogo wenye leseni ukomo wa riba wa asilimia 3.5 kwa mwezi, nawe uko mbali sana na hapo. Muulize mkopeshaji wako leseni iko wapi. Usikimbilie mikopo ya kwenye simu ili ulipe huu: Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza programu 69 za mikopo zisizo na kibali. Maliza huu mmoja, kisha Sh 5,000 hiyo ya kila siku, hata ikiwa Sh 2,000, ipeleke kwa kijumbe. Mchezo wa akina mama wenzako sokoni haukutozi riba.

Mwezi huu nina kadi nne za mchango wa harusi. Nikitoa zote sili. – Mwalimu, Dodoma

Tenga kiasi cha mwaka mzima. Kikiisha Agosti, kimeisha Agosti. Ndugu wa damu apewe sehemu kubwa. Wa ofisini mpe unachoweza, hata kama hakifikii bei ya kadi ya mtu mmoja, umwambie mapema. Usiandike ahadi ya Sh 100,000 ili kumfurahisha katibu wa kamati. Ni yeye atakayekupigia kila jioni.

Nina Sh 2,000,000. Kiwanja au hatifungani za serikali? – Fundi, Arusha

Inategemea utaihitaji lini, nawe umesema kijana anamaliza kidato cha nne mwakani. Kidato cha tano huanza Julai. Kweli shule za serikali zilifuta ada ya kidato cha tano na sita mwaka 2022, lakini godoro, sare, nauli na mahitaji ya bweni bado ni juu yako. Kwa hiyo Sh 800,000 ibaki benki au Ukwasi, usiiguse. Sh 1,200,000 inayobaki inatosha hatifungani, yaani kuikopesha serikali kwa miaka uliyochagua ikulipe riba, maana kiwango cha chini ni Sh 1,000,000, na riba hulipwa mara mbili kwa mwaka. Nenda benki yako wakufungulie akaunti ya dhamana, na uanze na ya miaka miwili au mitano. Kiwanja cha Sh 1,200,000 kipo, sikatai, lakini kabla hujatoa hata senti ya kishika uchumba nenda ofisi ya ardhi ya halmashauri uulize hicho kiwanja ni cha nani.