Kabla hujagundisha macho ya helmeti: kwa fundi anayeanza

Wiki iliyopita kijana mmoja alipanda kwangu Mabatini, hapa Mwanza, na helmeti ya foamu mkononi, kaifunga kwenye khanga kama anabeba mtoto. Kazi yenyewe nzuri: mikunjo imenyooka, rangi imekaa, pembe mbili zimesimama. Akaivaa, akapiga hatua tatu, akagonga mwimo wa mlango. Lenzi zake nyeusi alizibandika kisawasawa kwa ndani, ila zilitazamana na nyusi zake. Kuzitoa ilibidi tutumie kisu, na kila lenzi ikatoka na bonge la foamu.

Mdogo wangu, nimetengeneza vichwa vya vikundi vya ngoma, vya matangazo ya biashara, vya sherehe za watoto na vya hawa vijana wanaopenda kuvaa kama mashujaa wa filamu. Karibu kila kichwa kilichorudi kwangu kulalamikiwa, tatizo lilikuwa macho. Rangi mtu huvumilia. Asipoona, au lenzi ikimdondokea katikati ya uwanja, atakutafuta.

Anza na uso wa mvaaji. Mwambie asimame, pima kwa rula umbali kutoka katikati ya mboni moja hadi ya pili. Kwa watu wazima wengi utapata milimita 60 na kitu, wastani ni kama 63, lakini wapo wa 56 na wapo wa 70, kwa hiyo usitumie kipimo chako kwa kichwa cha mwingine. Kisha mvalishe helmeti ambayo bado haijatobolewa macho, ikiwa na sponji zake zote za ndani, maana sponji ndiyo inayopandisha au kushusha kichwa. Yule kijana alipima kabla ya kuweka sponji. Sentimita mbili tu, zikamharibia kazi ya wiki tatu.

Jambo la pili ni umbali wa tundu kutoka jichoni. Chukua tundu lenye upana wa sentimita 6. Likikaa sentimita 3 mbele ya jicho, unaona pembe ya nyuzi 90, unamwona hata aliye pembeni. Lisukume mbele hadi sentimita 10, tundu lilelile linakupa nyuzi 33 hivi, sawa na kuchungulia kwenye bomba. Ndiyo maana vichwa vikubwa vya wanyama, vyenye macho mbali kabisa na uso, huwachosha wavaaji. Kwa kichwa cha namna hiyo mimi huyaacha macho makubwa yawe ya mtazamaji peke yake, halafu natoboa mdomo au shingo na kuweka wavu mweusi. Mvaaji anaonea hapo, na watoto hawajui.

Sasa lenzi yenyewe. Kioo usikitumie, hata mtu akikupa bure. Fundi wa kuchomelea jirani yangu aliwahi kunipa vioo vya miwani yake, vyeusi vizuri kweli. Vilikuwa vya namba 10, na giza la namba hiyo limetengenezwa kukinga mwanga mkali wa kuchomelea, kwa hiyo hata saa sita mchana ndani ya helmeti ni usiku. Na kikipasuka kiko sentimita tatu kutoka mbonini. Tumia plastiki. Akriliki, ile ya wachora mabango, ni ngumu, inang'aa, lakini ukiikunja bila moto inakatika. Polikabonati ya milimita 1 unaikata kwa mkasi wenye nguvu na inakubali kupinda ikiwa baridi, ila inakwaruzika upesi. Kwa kujifunzia, tafuta zile ngao za uso za wakati wa UVIKO, au kata ubavu wa chupa kubwa ya maji. Pale Mlango Mmoja kwenye mitumba mimi huokota miwani mikubwa ya jua, natoa vioo vyake vya plastiki na kazi imeisha, giza lake tayari limepimwa na kiwanda.

Ukitaka kutia giza mwenyewe, nenda kwa mafundi wa tinti za magari uombe vipande vinavyobaki. Tinti ya 35 inapitisha asilimia 35 ya mwanga. Ukiweka mbili juu ya nyingine hupati 70 wala 17, unapata kama 12, kwa sababu ya pili inakula kile kilichopitishwa na ya kwanza. Kwa shughuli ya mchana kandokando ya ziwa, jua likirudi usoni kutoka kwenye maji, 20 inamfaa mvaaji. Shughuli ikivuka saa kumi na mbili na nusu jioni, usipite chini ya 35. Na kabla hujaongeza giza, paka ndani ya helmeti rangi nyeusi isiyong'aa. Uso wa mvaaji unaonekana pale ndani pakiwa na mwanga. Ukipazima, hata lenzi ya kijivu kidogo inaficha macho vizuri.

Tuje kwenye kufunga. Mimi nina sharti moja: lenzi iingie mwisho, baada ya rangi, na iwe inatoka. Itakwaruzika, itapata jasho, itakaliwa na mtu kwenye daladala.

Supa gluu iache kabisa karibu na plastiki angavu. Helmeti yangu ya kwanza ya kulipwa ilikuwa ya uzinduzi wa duka moja hapa mjini. Nikabandika macho usiku wa manane kwa supa gluu, nikaifungia kwenye boksi, nikalala nikiwa na furaha. Asubuhi nafungua, macho yote mawili meupe kama jicho la sato aliyeiva. Ile gundi hutoa mvuke, na mvuke ule hutua juu ya plastiki na kuganda. Boksi lilikuwa limeuzuia usitoke. Nikajaribu kuokoa kwa tina, na hapo akriliki ikapasuka nyufa ndogondogo kama matope ya kiangazi. Mwenye duka hakunilipa, na sikumlaumu. Petroli, tina, asetoni, vyote viweke mbali. Lenzi inasafishwa kwa maji ya sabuni na kitambaa laini.

Gundi ya moto, ile ya fimbo, ndiyo kila anayeanza huikimbilia. Inafaa kushikilia kitu kwa muda wakati unapima. Kwenye plastiki laini haing'ang'anii, inabanduka kama ganda la kidonda, na ukiiacha helmeti ndani ya gari lililofungwa juani inalegea. Ukilazimika kuitumia, kwaruza kwanza ukingo wa lenzi kwa msasa, na usiimwage moja kwa moja juu ya plastiki ya chupa, maana ile hujikunja kwa joto dogo tu. Silikoni ya mafundi wa aluminiamu inashika vizuri na haigandi kama jiwe, ukitaka kuitoa unapitisha wembe. Subiri saa 24. Ile inayonuka siki usiitumie kwenye polikabonati, inaweza kuipasua taratibu; dukani ulizia isiyonuka siki.

Njia ninayoipenda, na ndiyo namfundisha kila anayekuja kwangu, ni mfuko wa foamu. Chora tundu la jicho kwenye boksi la karatasi, likate, lijaribu kwenye helmeti hadi uridhike. Kisha kata lenzi ambayo imezidi tundu kwa sentimita 1 kila upande. Upande wa ndani wa helmeti, kuzunguka tundu, pale ukingo wa lenzi unapoishia, bandika vipande vya foamu vyenye unene sawa na lenzi, kwa gundi ya viatu, viwe pande tatu tu: chini, kulia na kushoto. Juu acha wazi. Halafu juu ya vipande hivyo bandika utepe mwingine wa foamu, mpana zaidi kidogo, uingie ndani kwa milimita 5 hivi. Umepata mfereji. Lenzi inateremka kutokea juu kama kioo cha dirisha la basi, na kwa juu unaizuia kwa kiulimi kidogo cha foamu chenye utepe wa kunatia, ule wa viatu vya watoto. Gundi ya viatu ipakwe pande zote mbili, iachwe ikauke hadi ukigusa haikushiki kidole, ndipo ukandamize. Wanaoanza hawana subira hapa, wanabandika ingali mbichi, kisha wananipigia simu kwamba gundi ya siku hizi ni feki. Gundi haina kosa.

Karatasi ya kinga iliyo juu ya plastiki usiibandue mpaka siku ya kukabidhi. Nimeona watu wakiibandua mapema ili wapige picha.

Kwa helmeti ngumu, ya faiba au iliyotokana na kofia ya zamani ya bodaboda, mfuko wa foamu haukai vizuri. Hapo tumia skrubu fupi za milimita 3 zenye nati, nne kwa kila jicho, na kila moja na washa ya mpira. Matundu ya skrubu kwenye lenzi yatoboe kwa ncha ya drili ya milimita 4, drili izunguke polepole, chini uweke kipande cha mbao. Hiyo milimita moja ya ziada ni ya joto: plastiki hutanuka juani, ikibanwa inapasuka kuanzia kwenye skrubu. Kichwa cha nati kikielekea usoni kifunike na sponji. Na kofia ya bodaboda ukishaitoboa, isirudi tena barabarani, hata mwenyewe akuombe vipi. Imebaki ya mchezo.

Sumaku ni nzuri kwa helmeti inayokaa kabatini. Niliziweka mara moja kwenye kichwa cha mchezaji wa bugobogobo, ile ngoma ya Wasukuma ya majembe, nikijiona mjanja. Unajua wale wanavyoruka, jembe liko hewani, yeye chini anazunguka. Wimbo wa pili haujaisha, jicho la kushoto likaruka likaangukia kwenye ngoma. Watu walidhani ni sehemu ya mchezo, wakashangilia. Mimi niliona jembe linashuka na mtu ana jicho moja wazi na jingine gizani.

Kuna ukungu. Hewa yetu ya ziwa ina unyevu, na miezi ya masika ni zaidi. Mtu akipumua mara kumi ndani ya helmeti iliyozibwa, lenzi zinatoka jasho. Toboa matundu chini ya kidevu na mengine utosini, yafichwe na nywele au pembe, ili hewa ya moto ipande itoke. Paka tone moja la sabuni ya vyombo upande wa ndani wa lenzi, lifute kwa kitambaa kikavu hadi usilione. Tone moja. Ukizidisha, jasho litaishusha machoni na utasikia mtu analia ndani ya kichwa cha simba. Wenye uwezo huweka feni ndogo ya kompyuta inayotumia pawabenki. Inasaidia sana, ila waya ufungwe mbali na shingo.

Kabla hujakabidhi, mvalishe mvaaji atembee. Mrushie mpira taratibu. Mwambie achukue soda mezani bila kuimwaga, kisha ashuke ngazi mbili huku umemshika. Kama mnafanyia majaribio kwetu huku milimani, kwenye mawe, usimwache ashuke peke yake. Kwa karibu na miguu yake haoni kitu, hata lenzi iwe safi namna gani. Kwenye shughuli awe na mtu wa kumwongoza, na hilo lisemeni wakati wa kupatana bei.

Kwenye mfuko wa helmeti mimi huweka lenzi mbili za akiba, kitambaa, na kama ni ya skrubu, bisibisi ndogo. Zinatoka kwenye mabaki, hazinigharimu kitu. Mama mmoja wa Sengerema, mwenye kikundi cha watoto, alinipigia jioni moja kwamba mtoto amekalia helmeti na jicho la kulia limepasuka, na wao wanaingia uwanjani baada ya nusu saa. Nikamwambia, mama, fungua mfuko wa pembeni. Akakaa kimya kidogo kwenye simu, nikasikia anavuta zipu, kisha akanishukuru kwa Kisukuma: "Wabeja, fundi, nimeiona." Akakata.